Sentimita Nne za Mgongo

Tarehe 9 Februari

Nusu,

Nimepoteza sentimita nne. Salamu utazipata, lakini naanza na hesabu kwa sababu ndiyo iliyonikalisha mezani. Mama alipotupima mara ya mwisho, ile Desemba kabla hajafariki, miaka kumi na miwili sasa, aliandika kwenye daftari lake: mimi, kutoka pingili ya shingo hadi sakafuni, 142. Jumanne iliyopita nimepimwa tena, peku, visigino ukutani, shemeji yako akisoma futi. 138. Nikamwambia soma upya. Akavaa miwani, akasoma upya. 138. Na ninajua zilianza kuondoka lini. Zimeondoka baada ya tarehe 17 Juni, siku niliyopasuliwa tumbo, miaka minne inakaribia.

Haya, salamu. Sisi wazima. Shemeji yako tangu apate hiyo miwani ameanza kuona vumbi ambalo kwa miaka ishirini na nane hakuliona, na anadhani limeingia juzi. Mpwa wako amehamia ghorofa ya pili, ngazi thelathini na mbili. Nimezihesabu kwa sababu nilizipanda zote bila kusimama. Zamani ngazi tisa zilinitosha kukaa chini na kujifanya naangalia mandhari.

Kwa hiyo usinielewe vibaya, sijasema upasuaji ulikuwa mbaya. Nasema hivi: waliponiita kunieleza, walitaja kilo. Kilo tu. Nilipoteza hamsini na moja na nilizisindikiza moja moja kwa furaha. Hakuna aliyetaja sentimita.

Nimezijulia kwenye benchi la kliniki. Mama mmoja, kapasuliwa mwaka mmoja kabla yangu, yuko na magongo mawili. Nikamuuliza, gari? Akasema, gari gani, nimeshuka kwenye kizingiti cha jikoni kwangu. Nyonga. "Ni mifupa," akasema, "wewe kasome." Akaitwa, akaenda. Kasome wapi, hakusema.

Wewe uko maktaba ya chuo cha udaktari. Unashinda na hayo majarida kutwa. Niambie, kuna utafiti juu ya mifupa ya watu kama sisi? Nauliza kwa ajili yako pia, maana wewe ulipasuliwa mwaka mmoja na nusu baada yangu, na sote tunajua nani alikushika mkono akakufikisha mlangoni.

Sikupigii simu. Kwenye simu unacheka, nami nacheka, halafu tunaagana sijajua kitu. Kwenye karatasi huwezi kunichekea.

Dada yako,
Gunia (siku hizi kiroba)


Tarehe 3 Machi

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa na kwa kuandika kwa mashine. Mwandiko wangu umezeeka kabla yangu, na hapa mashine ziko bure.

Nafurahi kusikia za mpwa na ngazi zake. Mimi sijambo. Juzi nimekaa kwenye kile kiti chenye mikono, pale chumba cha kusomea. Unakikumbuka? Ulipokuja kunitembelea ulikikalia, ukainuka nacho. Tukacheka mpaka mkutubi mkuu akatoka ofisini. Sasa nakaa na nafasi inabaki ya kuweka mkoba kila upande. Watoto wa mtaa waliotuita Gunia na Nusu Gunia wangetutafutia majina mengine.

Sasa ulilouliza. Ndiyo, upo utafiti, na si mmoja. Tena hatusomi peke yetu. Kila Alhamisi saa kumi tunakutana watano, chumba cha nyuma tunakotunzia majarida yaliyochanika: dereva wa lori, mpishi wa hoteli, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mama muuza viatu, na mimi. Wote tumepasuliwa. Tunasoma karatasi moja kwa wiki tatu, kamusi katikati ya meza, tunabishana. Dereva ndiye msumbufu. Wiki iliyopita akauliza, "Hawa walianza na watu wangapi?" Mwalimu akasema sitini. "Na mwisho wa miaka miwili walipima wangapi?" Thelathini na wanane. Dereva akavua kofia: "Na hao ishirini na wawili walishukia wapi?"

Tunachoelewa sisi, ambao si madaktari, ni hiki. Tumbo likishafanywa dogo, na hasa chakula kikirukishwa kipande cha utumbo kama ulivyofanyiwa wewe na mimi, kalsiamu hainyonywi kama zamani, vitamini D nayo hushuka. Halafu mfupa uliozoea kubeba mzigo, ukituliwa mzigo ghafla, unalegea. Nyonga na mgongo ndipo panapotajwa zaidi. Si kila mtu huvunjika, Dada. Karatasi nyingine zinapingana. Wengi wanakubaliana juu ya kitu kimoja: pima mifupa, usisubiri ikwambie yenyewe.

Ila swali dogo, usikasirike. Ulipimwa kwa futi gani?

Mdogo wako,
Nusu


Tarehe 12 Machi

Nusu,

Shemeji yako anakusalimu. Mimi bado sijaamua.

Kila Alhamisi. Umeandika kana kwamba ni kikundi cha kusuka vikapu. Nimesoma mara tatu nikitafuta mlianza lini, sikuona, nikampigia mkutubi wenu mkuu, mtu mzima asiyejua kuficha, akasema tangu Agosti. Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Miezi saba. Ukiondoa sikukuu, Alhamisi ishirini na nane. Mara ishirini na nane umekaa na dereva wa lori mkijadili nyonga, na nyonga yangu mimi ikiwa huku haina habari. Muuza viatu anajua mambo ya mifupa yangu kabla yangu mimi!

Barua yako nimeipeleka kwa daktari. Akaniuliza, "Nani kakupa hii?" Nikamwambia mdogo wangu na dereva. Akacheka, halafu akaisoma, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza ninavyomeza vidonge. Sasa hapa nicheke mwenyewe kabla hujanicheka. Mimi ni mtu wa kuokoa muda. Miaka minne nimekuwa nikishika vidonge vyote kiganjani, cha madini ya chuma, cha kalsiamu, vyote, nikivibwaga mdomoni na chai. Akasema cha chuma na cha kalsiamu vinanyang'anyana njia, na chai inavizuia vyote. Viachane angalau saa mbili. Nimebandika ratiba kwenye ubao wa kukatia, saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi na mbili, mteja akija wakati wa kidonge anasubiri. Amenipangia pia kipimo cha uzito wa mifupa, tarehe 22 Aprili.

Hilo la futi. Nimepima watu miaka thelathini na mmoja. Nilianza na cherehani moja ya mkono iliyokuwa ikikata uzi kila hatua kumi, leo ninazo saba na sikuzawadiwa hata moja. Hajapata kurudi mteja akasema nguo imepungua. Halafu mtu anayepanga vitabu ananiuliza futi.

Ni futi ya Mama. Ile ya njano. Tangu tulipomzika imetundikwa msumarini juu ya cherehani yangu ya kwanza, mkasi wake mkubwa umefungwa mwishoni unaning'inia, kama alivyopenda kuviweka pamoja. Sijawahi kuitumia kwa mteja. Nimeishusha mara hii moja kwa sababu nilitaka kupimwa na Mama. Sasa niambie, futi ya Mama nayo inidanganye?

Unakumbuka shule zikifungwa? Siku ya kwanza ya likizo, kabla ya chai, tunasimama ukutani kwa zamu. Pingili ya shingo hadi kiuno, kiuno hadi sakafu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, vifundo vyote viwili. Pande zote mbili daima, kwa sababu alisema hajaona mtu aliye sawa kulia na kushoto. Na ule mwaka ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, ulipoingia chini ya meza ya kukatia ukajifunika vipande vya vitambaa ili namba ya kiuno isisomwe mbele yetu. Mimi nilicheka. Mama hakukuita wala hakukuvuta. Aliingia na yeye chini ya meza, na mwili wake ule, akakupima umelala, akaiandika namba bila kuitamka.

Nilikuwa nalikumbuka hilo kwa kicheko. Mwaka huu nalikumbuka vingine.

Nitumie karatasi zote mlizosoma. Na uandike kwa mkono. Barua ya mashine nadhani inatoka benki.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada, shikamoo, na samahani kwa ukimya. Tumehamisha rafu zote za ghorofa ya chini, na kila jarida lilipita mikononi mwetu.

Karatasi sita za kwanza ziko ndani ya bahasha. Pembeni nimeandika maelezo, au tuseme mwalimu ameandika nami nikisema, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Ile ya nne ni ngumu, anza na ya pili. Dereva amekuwekea alama ya kofia kila mahali alipokuwa na shaka, utaona kofia nyingi.

Nilisoma barua yako mbele ya kikundi, ile sehemu ya vidonge na chai. Mpishi akashika kichwa. "Na mimi!" Mwaka mzima na yeye. Kwa hiyo umeokoa mtu, usinune.

Ilipofika ile ya futi, mwalimu akaniomba nisome tena. Halafu akasema mwulize dada yako swali moja, na hili ni lake, mimi simo: mkasi wa marehemu una uzito gani?

Sasa nina ombi. Mkutubi mkuu anastaafu tarehe 30 Juni na tumeambiwa tupendeze. Nishonee gauni. Sitaki la dukani. Nataka la kwako, lenye akiba ndani ya mshono kama za Mama. Nakumbuka alivyokuwa akiacha vidole viwili kila upande, anasema mtoto anakua, halafu kila likizo anakaa mlangoni kwenye mwanga anafumua, anashona upya, na kwenye kitambaa unabaki mstari wa mashimo madogo pale mshono ulipokuwa. Gauni langu la kijani lilikuwa na mistari mitatu. Nilikuwa naipapasa darasani wakati wa hesabu. Sikuwahi kukwambia kwamba mistari ile niliipenda, maana wewe ulikuwa ukiionea haya.

Vipimo vimejazwa kwenye ile fomu yako. Amenipima mpishi, mtu makini, kwa futi mpya kutoka dukani, na bahasha kaifunga yeye kwa kuwa nilikuwa nawahi kazini. Rangi nakuachia.

Kipimo chako ni keshokutwa. Nitakuwa nakiwaza tangu asubuhi.

Nusu


Tarehe 29 Aprili

Nusu,

Wazima wote. Mpwa wako amepata kazi karibu na nyumbani.

Mkasi wa Mama una gramu mia nne na kumi.

Mwambie mwalimu nimemwamkia. Nilipoisoma barua niliishusha futi, nikailaza kwenye rula ya chuma ya kukatia. Pale futi inaposema 150, chuma kinasema 153. Gramu mia nne na kumi, usiku na mchana, miaka kumi na miwili, kwenye kitambaa. Mimi ndiye niliyeufunga mkasi pale, tena kwa fundo zuri. Nilidhani naihifadhi, kumbe naivuta.

Basi hesabu mpya. 138 ya futi ni karibu 140 na robo tatu ya chuma. Kutoka 142, nimepoteza sentimita moja na robo. Zile mbili na robo tatu ni za mkasi. Na hiyo moja na robo siwezi kuapa ni ya upasuaji, nina miaka hamsini na mitatu. Nilikuwa tayari nimewasema watu wote wa kliniki kwa sentimita zisizokuwa zao. Cheka. Shemeji yako amecheka siku nne, na futi kaisoma yeye.

Kipimo cha mifupa: imepungua kidogo nyongani, mgongo uko salama. Daktari amesema ratiba ya vidonge iendelee, nitembee na mzigo kidogo, turudie baada ya mwaka. Nikarudi dukani kwa miguu na jora la kitambaa begani.

Nikafungua fomu yako nianze kukata.

Nusu, mimi husoma fomu kama wewe unavyosoma kitabu. Nilikupima mwenyewe kwa mikono yangu wiki moja kabla hujapasuliwa, kwa futi ya dukani, ambayo nayo nimeilaza kwenye chuma leo asubuhi na iko sawasawa. Pingili ya shingo hadi kiuno: 43. Mpishi wako ameandika 40 na nusu. Kiuno umepungua, kifua umepungua, mikono imepungua, vizuri, ndivyo tulivyotaka. Lakini mafuta hayatoki katikati ya pingili za mgongo. Nikasema labda mpishi kakosea. Nikashuka chini. Kifundo cha mkono wa kushoto: 15 na nusu. Kifundo cha kulia: 21.

Ishirini na moja. Mpishi ni mtu makini, umesema mwenyewe. Kapima pande zote mbili kama fomu inavyotaka, na kapima kilichokuwepo. Kilichokuwepo ni nini? Bandeji? Plasta?

Nimezitoa barua zako zote. Ya mwisho kwa mkono ni ya Novemba. Halafu mashine. Halafu mwalimu anaandika nawe ukisema.

Mkono wako wa kulia una nini, na tangu lini? Kitambaa kiko mezani, sijakata.

Dada


Tarehe 17 Mei

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo, kikundi kinakusalimu, dereva anasema ule mkasi upelekwe makumbusho.

Nimeanza barua hii mara nne.

Nilivunjika tarehe 6 Desemba. Sikuanguka kutoka popote. Nilijikwaa kwenye mkeka wa mlangoni kwangu, nikaweka mkono chini, kama mtu anavyoweka mkono mezani. Ukaunga vibaya, Februari wakaurudia. Plasta imetoka, nafunga mshipi wa kukazia. Mpishi nimemgombeza, akaniambia, "Fomu imeuliza, mimi nimejibu."

Mgongo sijui. Unauma nikisimama muda mrefu kwenye rafu. Kuhusu mgongo sitaki kuandika zaidi.

Ukitaka kujua kwa nini sikukwambia mwezi Agosti: mwezi Agosti nilikuwa nasoma tu. Nilijua ukisikia utakuja na daftari, utapanga, utahesabu, na mwisho wa hesabu utajikuta wewe ndiye uliyenishika mkono mlangoni. Nikasema ngoja tusome zaidi, labda kuna karatasi itakayosema si kitu. Kila Alhamisi nilikuwa naitafuta hiyo karatasi. Desemba nikavunjika, nikaacha kuitafuta, lakini muda wa kukwambia ukawa umeshapita. Ilipofika barua yako ya sentimita nne, nilisema basi, sote wawili. Ndipo nikauliza futi, nikiomba liwe kosa la futi. Nilifurahi sana lilipokuwa. Nilifurahi kwa ajili yako, na siku hiyo hiyo nikaona nimebaki peke yangu.

Kipimo cha mifupa nimepangiwa mara tatu. Mara zote nimekwenda. Kuna benchi la bluu nje ya chumba. Nimekaa, jina limeitwa, nimenyamaza mpaka wakaita linalofuata, nikainuka nikaenda kazini. Mimi ninayewasomea wenzangu kila Alhamisi "pima, usisubiri". Wao hawajui. Nimepangiwa tena tarehe 10 Juni, saa tatu.

Usiniulize kama najuta. Nakaa kwenye kiti chenye mikono. Nafunga viatu vyangu mwenyewe. Hilo ndilo jibu langu na halitabadilika.

Gauni likate tu kwa vipimo vya mpishi.

Nusu


Tarehe 25 Mei

Nusu,

Shemeji yako ameisoma barua yako, akavua miwani, akatoka nje. Hizo ndizo salamu zake.

Nimekata. Bluu iliyokoza, kitambaa kinachoanguka vizuri, hakihitaji pasi nyingi kwa mtu mwenye mkono mmoja. Mgongo nimeukata 40 na nusu kama ulivyosema. Ila ndani, kwenye mshono wa kiuno, nimeacha sentimita mbili na nusu za akiba, nimezikunja na kuzishikiza kwa mkono. Najua mfupa haufumuliwi. Sikuziacha ili zifumuliwe. Ni urefu wako, sikuona sababu ya kuutupa kapuni na vipande.

Kifungo cha mkono wa kulia ni kikubwa kuliko cha kushoto. Utakifunga mwenyewe.

Umesema nisiulize kama unajuta. Siulizi. Umesema hukutaka nijikute mwisho wa hesabu. Nimejikuta, Nusu, wala haikuhitaji Alhamisi ishirini na nane. Mimi ndiye niliyekuja na begi lako limeshafungwa. Mimi ndiye niliyesema ni kilo tu. Hasira ninayo, sitakudanganya kwamba imeisha: miezi mitano umevaa nguo kwa mkono mmoja, unafungua makopo kwa mkono mmoja, na ndugu yako wa tumbo moja unamwandikia habari za viti. Hiyo tutagombana tukionana, na nitashinda. Lakini haina nafasi kwenye barua hii.

Futi ya Mama nimeifungua kutoka kwenye mkasi. Mkasi nimeulaza sandukuni. Futi nimeikunja, iko kwenye mkoba wangu pamoja na daftari, ukurasa wako nimeuwekea uzi. Haifai kwa kupimia tena, lakini safari hii si ya kupima. Chumba kile kina mashine yake.

Nimepanga hivi. Basi linaondoka tarehe 9 saa kumi na mbili asubuhi, linafika kwenu saa kumi jioni. Tarehe 10 saa mbili na nusu nitakuwa kwenye benchi la bluu. Nitakaa upande wako wa kulia, ule wa mkono mbovu. Wakiita jina lako na ukanyamaza, nami nitanyamaza. Sitakusukuma. Nilishakusukuma mara moja kwenye mlango wa hospitali. Tutanyamaza wote wawili mpaka waite la mwisho, wafagie, wafunge, na kesho yake tutakuja tena, cherehani saba zimesimama. Na ukiingia, namba watakayokupa usinitajie. Iandike tu, uifunike. Siku ile chini ya meza nilikuwa nimesimama nje nacheka. Magoti yangu siku hizi yanapinda, Mama angeshangaa. Safari hii ninaingia.

Lakini sitakuja bila kuitwa. Nataka neno moja kutoka kwako. Barua hii itakuchukua siku tano, jibu lako siku tano, kwa hiyo likiwekwa posta siku ileile utakayosoma litanifikia kabla ya Ijumaa tarehe 6 Juni saa sita mchana, saa ninayofunga kaunta kwenda kukata tiketi. Usipige simu, utanichekea. Usitumie mashine. Usimwambie mwalimu aandike.

Nije? Ndiyo au hapana. Kwa mkono wako mwenyewe, wa kushoto, hata herufi zikilala.

Dada yako,
Gunia